Divai nyekundu za kaskazini mwa Italia: uchague Barolo, Barbera, Dolcetto, Valpolicella au Lambrusco?

Chupa mbili zikifunguliwa, moja ya Barolo na moja ya Barbera d'Asti, zikamiminwa kwenye glasi na kuwekwa mbele ya mtu asiyezijua, mara nyingi atasema kwamba ile yenye rangi nzito, yaani Barbera, ndiyo kali, na kwamba ile ya Barolo, ambayo kidole kikiwekwa nyuma ya glasi huonekana, ndiyo laini. Akionja atakuta mambo ni kinyume. Barolo itamkausha ulimi na fizi kama chai ya rangi iliyosahauliwa na majani yake ndani ya birika, na Barbera itapita kooni kwa wepesi ikiacha uchachu unaomfanya atamani chakula. Zote mbili zinatoka katika jimbo moja la Piemonte. Ninaanzia hapo kwa sababu wengi wetu huchagua divai nyekundu kwa rangi, kwa bei au kwa umaarufu wa jina, na kaskazini mwa Italia vigezo hivyo vitatu hupotosha kuliko vinavyosaidia.

Ulinganisho huu unahusu makundi matano ambayo mnunuzi hukutana nayo mara kwa mara: Barolo pamoja na ndugu yake Barbaresco, Barbera, Dolcetto, ukoo wa Valpolicella ambao Amarone ni mmoja wao, na Lambrusco. Zipo nyingine zinazostahili kutajwa, nazo nimezigusa kwa ufupi kabla ya kufika kwenye ushauri wa mwisho.

Vigezo vya kulinganisha

Kigezo cha kwanza ni ukakasi. Aliyewahi kula zambarau ambazo hazijaiva vizuri, au bibo la mkorosho, anaijua hali hiyo ya ulimi kukauka na mashavu kuvutwa ndani. Husababishwa na tanini zilizomo katika maganda na mbegu za zabibu, na kwa kiasi fulani katika mbao za mapipa. Tanini hushikana na protini za mate, na mate yakishapoteza utelezi wake mdomo hukauka. Ndiyo maana divai yenye ukakasi mwingi hulainika ikinywewa pamoja na nyama au jibini, kwa kuwa tanini hupata protini na mafuta mengine ya kushikana nayo.

Kigezo cha pili ni uchachu, ambao kazi yake ni kinyume cha ukakasi, kwa sababu huita mate na kuukata mnato wa mafuta, kama ndimu inavyofanya kwenye samaki wa kukaanga. Cha tatu ni uzito, yaani kiwango cha kilevi, sukari iliyobaki na jinsi divai inavyojaza mdomo. Cha nne ni muda: muda ambao sheria inamlazimisha mtengenezaji aitunze divai kabla ya kuiuza, na muda ambao chupa yenyewe inaweza kusubiri nyumbani. Gharama hufuatana na kigezo hiki kwa karibu. Cha tano ni meza, maana divai hizi zote zilikua pamoja na vyakula vya mahali zilipotoka, na kuzionja bila chakula ni kuzisikiliza nusu.

Kuna tatizo jingine linalowakwamisha wasomaji wa lebo: majina hayafuati kanuni moja. Barolo, Barbaresco na Valpolicella ni majina ya mahali. Barbera, Dolcetto na Lambrusco ni majina ya zabibu. Amarone ni jina la namna ya kutengeneza divai. Pembeni mwa majina hayo huandikwa herufi DOC au DOCG, ambazo msingi wake ni sheria ya mwaka 1963 inayoeleza eneo, zabibu na utaratibu unaoruhusiwa. DOCG ina masharti makali zaidi. Hata hivyo herufi hizo zinathibitisha chimbuko na utaratibu, na mtengenezaji mzembe bado anaweza kuzibandika kwenye divai isiyo na ladha.

Barolo na Barbaresco

Zabibu hapa ni moja tu, Nebbiolo, isiyochanganywa na nyingine. Jina lake huhusishwa na nebbia, ukungu unaojaa katika mabonde ya Langhe, kusini mwa Torino, wakati wa mavuno. Mzabibu huu huchipua mapema kuliko mingi na kuiva mwishoni kabisa, mara nyingi katikati ya Oktoba, kwa hiyo huhitaji miteremko inayopata jua la kutosha. Tangu zamani mkulima wa Langhe ameipa Nebbiolo miteremko yake bora inayotazama kusini, na iliyobaki akaipanda Barbera na Dolcetto. Nusu ya bei ya Barolo inaelezwa na jambo hilo moja.

Mdomoni, hii ndiyo divai yenye ukakasi mkubwa kuliko zote katika ulinganisho huu. Uchachu nao ni mwingi, na kilevi, ambacho sheria inataka kisipungue asilimia 13 kwa Barolo na 12.5 kwa Barbaresco, siku hizi mara nyingi hufika 14 au kupita. Harufu yake imezoeleka kuelezwa kwa maneno mawili yasiyofanana, waridi na lami, na anayeinusa kwa mara ya kwanza huona ajabu kwamba yote mawili ni kweli. Ikikaa miaka, rangi huelekea kwenye wekundu wa tofali, ukakasi hulainika, na harufu za majani makavu, tumbaku na ngozi hujitokeza.

Kuhusu muda, sheria inadai Barolo itunzwe miezi 38, na 18 kati ya hiyo iwe ndani ya mapipa, ilhali Barbaresco hutunzwa miezi 26, tisa kati yake ndani ya mapipa. Chupa zenye neno Riserva husubiri zaidi, miezi 62 kwa Barolo na 50 kwa Barbaresco. Hata baada ya hapo, Barolo nzuri kutoka mwaka mzuri kama 2016 inaweza kuendelea kupendeza kwa miaka 20 na zaidi, mradi mahali ilipohifadhiwa ni pa baridi na pasipobadilika.

Mtu anayechagua kati ya hizi mbili asiichukulie Barbaresco kuwa Barolo ndogo. Mji wa Alba uko kati yao, na maeneo ya Barbaresco, yaliyo karibu zaidi na mto Tanaro, huvuna mapema kidogo na mara nyingi hutoa divai inayofunguka mapema. Mwaka 2014, ambao mvua zake ziliwasumbua sana wakulima wa Barolo, Barbaresco ilifanya vizuri kuliko jirani yake. Ndani ya Barolo yenyewe, inayoenea katika vijiji 11, udongo nao hauko sawa: La Morra na kijiji cha Barolo hujulikana kwa divai zenye harufu nyingi na ukakasi wa wastani, na Serralunga d'Alba pamoja na Monforte d'Alba kwa divai ngumu zinazodai subira. Jina la kijiji au la shamba likiwa kwenye lebo, lisome kabla ya kusoma bei.

Katika miaka ya 1980 na 1990 wazalishaji wa Barolo waligawanyika vikali. Upande mmoja, Bartolo Mascarello na wenzake walishikilia desturi ya kuziacha zabibu zikae na maganda kwa wiki nyingi, kisha divai ikomae katika mapipa makubwa ya zamani yasiyoipa ladha ya mbao. Upande mwingine, kina Elio Altare walifupisha muda wa maganda na kutumia mapipa madogo mapya ya lita 225, wakapata divai laini zaidi inayonukia vanila, na soko la nje likawakimbilia. Leo wengi wamekutana katikati, lakini tofauti bado inaonekana katika chupa. Mimi binafsi ninaona kwamba waridi la Nebbiolo husikika vizuri zaidi mbao zinapokaa kimya, ingawa ninawajua wanywaji makini wasiokubaliana nami.

Mezani, Barolo inataka nyama iliyopikwa polepole, kama ile ng'ombe ya Piemonte inayolazwa katika divai na kuchemshwa kwa saa kadhaa, au tambi nyembamba za viini vya mayai ziitwazo tajarin, zilizopambwa kwa uyoga mweupe wa Alba ambao mbwa huufukunyua ardhini. Pilipili ni adui yake, kwa kuwa ukakasi na kilevi huongeza mwasho. Inamfaa mwenye subira, mwenye mahali pa kuhifadhia, na mwenye chakula kizito mezani. Anayetaka kuijua Nebbiolo kabla ya kutoa fedha nyingi aanze na chupa iliyoandikwa Langhe Nebbiolo, au chupa za chama cha ushirika cha Produttori del Barbaresco kilichoanzishwa mwaka 1958, ambacho kimejenga heshima ya ubora kwa bei isiyotisha.

Barbera

Kama Nebbiolo ni bwana wa miteremko ya kusini, Barbera ndiyo iliyolisha nyumba za Piemonte kila siku. Hupandwa katika vilima vya Asti, Alba na Monferrato, huzaa sana, na haina madeko. Ukakasi wake ni mdogo mno, uchachu ni mwingi sana, rangi ni nzito, na ladha ni ya cheri mbivu na matunda meusi. Kilevi kwa kawaida huwa kati ya asilimia 13 na 14.5, kwa hiyo uzito si haba, ila uchachu huufanya usilemee.

Historia yake inaeleza kwa nini hadi leo wapo wanaoidharau. Mwaka 1986 divai za bei ya chini zilizotiwa methanoli ziliwaua watu wapatao 20 nchini Italia na kuwaacha wengine na upofu, na kwa kuwa baadhi yake ziliuzwa kwa jina la Barbera, jina hilo lilichafuka kwa kosa la wafanyabiashara wachache. Wakati huohuo, kule Rocchetta Tanaro, Giacomo Bologna alikuwa ameshaanza kuonyesha njia nyingine. Divai yake iitwayo Bricco dell'Uccellone, ya kwanza ikiwa ya mavuno ya 1982, ilikomazwa katika mapipa madogo mapya, na mbao zikaipa Barbera tanini ambazo zabibu yenyewe haina. Barbera d'Asti ilipewa DOCG mwaka 2008, na eneo la Nizza likajitenga na DOCG yake mwaka 2014.

Kwa hiyo mnunuzi ana Barbera za aina mbili mbele yake: ile ya matunda, ya kunywewa ndani ya miaka michache, na ile iliyokomazwa kwenye mbao, nzito na ghali zaidi, inayoweza kusubiri miaka kumi. Ya kwanza ndiyo ninayoipenda kwa chakula cha kawaida. Wenyeji huinywa na bagna cauda, mchuzi moto wa kitunguu saumu, dagaa wa chumvi na mafuta ya zeituni ambao huua divai nyingi, na Barbera hustahimili. Kwa sababu hiyohiyo inakubaliana na mchuzi wa nyanya, na nyama ya kuchoma yenye mafuta, hata ikiwa na pilipili kiasi. Inamfaa anayetaka divai moja itakayopatana na sahani nyingi, na asiyependa mdomo kukaushwa. Asiyevumilia uchachu, au mwenye kiungulia, aiepuke.

Dolcetto

Jina lina maana ya kitamu kidogo, na hapo watu hudanganyika, kwa sababu divai yenyewe haina sukari. Utamu unaosemwa ni wa zabibu zenyewe zikiwa mtini, ambazo zina uchachu mdogo. Dolcetto huiva mapema kuliko Barbera na Nebbiolo, hivyo hukubali maeneo ya juu yenye baridi ambayo nyingine zingekataa. Ukakasi wake ni wa wastani, uchachu mdogo, kilevi cha kawaida, rangi ya zambarau iliyokolea, na mwishoni huacha uchungu wa lozi.

Haikai sana. Inywe ndani ya miaka mitatu au minne, isipokuwa zile za Dogliani, eneo lenye DOCG yake tangu 2005, ambazo zina mwili wa kutosha kusubiri zaidi. Bei huwa ya chini, na chakula chake ni soseji, nyama baridi na tambi zenye mchuzi wa nyama. Inamfaa yule ambaye Barbera imemchachia mno na Barolo imemkausha mno. Ni divai ya unyenyekevu, na wakulima wengi wameing'oa ili kupanda zabibu zenye soko zaidi, jambo linalonisikitisha.

Valpolicella, Ripasso na Amarone

Tukielekea mashariki hadi jimbo la Veneto, kwenye vilima vya kaskazini mwa Verona, karibu na Ziwa Garda linalopunguza ukali wa baridi, tunakuta divai zinazotokana na zabibu zilezile lakini zinatofautiana kama uji na ugali. Zabibu kuu ni Corvina, ikisaidiwa na Corvinone na Rondinella. Kinachotofautisha ni kiasi cha maji kilichoondolewa ndani ya zabibu kabla hazijakamuliwa.

Valpolicella ya kawaida hutengenezwa kwa zabibu mbichi. Ukakasi ni mdogo, uchachu mzuri, kilevi mara nyingi asilimia 12 hivi, na ladha ni ya cheri chachu yenye uchungu kidogo mwishoni. Ni divai ya kunywewa changa, na ikipoozwa kidogo hupendeza zaidi. Neno Classico likiwepo, ujue inatoka katika mabonde ya asili yanayozunguka Negrar, Marano, Fumane, Sant'Ambrogio na San Pietro in Cariano.

Amarone ni habari nyingine. Vichala bora huchaguliwa wakati wa mavuno, hutandazwa kwenye vichanja au makreti ndani ya dari zenye hewa inayopita, na kuachwa vinyauke kwa takriban siku 100 au zaidi, hadi vipoteze theluthi moja ya uzito au hata zaidi. Kwa kawaida sheria hairuhusu kuvikamua kabla ya tarehe 1 Desemba. Sukari iliyokolea hivyo huchachuka polepole wakati wa baridi, na matokeo yake ni divai isiyopungua kilevi cha asilimia 14, ambayo mara nyingi hufika 15 hadi 16. Hutunzwa angalau miaka miwili kabla ya kuuzwa, na minne ikiwa Riserva.

Zamani divai iliyothaminiwa hapa ilikuwa Recioto, ambayo uchachukaji wake ulisimama mapema na kuacha sukari. Inasimuliwa huko Negrar kwamba mwaka 1936 pipa la Recioto lilisahauliwa katika ghala la ushirika, likaendelea kuchachuka hadi sukari ikaisha, na msimamizi wa ghala, Adelino Lucchese, alipoionja akasema haikuwa chungu tu bali ilikuwa na uchungu mkubwa, yaani amarone. Iwe hivyo au vinginevyo, uchungu huo mzuri bado upo nyuma ya ladha ya zabibu kavu, chokoleti na viungo. Ukakasi ni wa wastani kwa sababu umefunikwa na unene wa divai, na uchachu upo ila hausikiki kama ule wa Barbera. Ulaini huo ndio unaowavuta wanywaji wapya, na ndio unaowaponza, maana glasi mbili za Amarone zina kilevi kinachokaribia cha glasi tatu za Valpolicella.

Kati ya hizo mbili yupo Ripasso. Valpolicella changa hupitishwa juu ya machicha yaliyobaki baada ya Amarone au Recioto kukamuliwa, ikachachuka tena na kuchukua rangi, kilevi na harufu iliyobaki humo. Apikaye kwa nazi ataelewa mara moja, kwa kuwa ni utaratibu wa kupata tui la pili, isipokuwa badala ya maji hutumika divai. Ripasso ina uzito wa kati na bei ya kati, na kwa mtu anayetamani Amarone lakini anasita kwa bei, ni daraja la heshima. Ripasso dhaifu hata hivyo zipo nyingi, na hazina wepesi wa Valpolicella wala kina cha Amarone.

Mezani, Valpolicella hufaa wali, kuku, soseji na piza. Amarone hutaka nyama ya porini, jibini la zamani kama Monte Veronese lililokomaa, au wali wa Verona unaopikwa kwa Amarone yenyewe, na wengi huinywa polepole baada ya chakula kwa jibini pekee. Inamfaa anayependa ladha nzito, yenye joto, isiyokausha mdomo. Haimfai mwenye chakula chepesi wala anayeketi kwenye joto kali la mchana.

Lambrusco

Watu wengi waliowahi kuinywa miaka ya zamani wanaikumbuka kama divai tamu yenye povu, na hawakosei, kwa kuwa katika miaka ya 1970 na 1980 Lambrusco tamu ya bei nafuu iliuzwa Marekani kwa wingi mno. Lambrusco inayonywewa na wenyeji wa Modena na Reggio Emilia, katika bonde la mto Po, ni tofauti: nyingi ni kavu, yaani secco, zisizo na utamu, zina mapovu mepesi, na kilevi chake ni kama asilimia 11 tu.

Zabibu zinazoitwa kwa jina hilo ni nyingi, na tatu ndizo muhimu. Lambrusco di Sorbara ni ya waridi, chachu sana na nyembamba, na ina harufu ya stroberi na maua. Maua ya mzabibu wake hayawezi kujichavusha yenyewe, kwa hiyo hupandwa pamoja na aina nyingine, kama mpapai jike usiozaa bila dume kuwa karibu. Grasparossa di Castelvetro ni nyeusi, ina ukakasi unaosikika na mwili mnene. Salamino di Santa Croce, ambayo vichala vyake vimefanana na soseji ya salami, husimama kati ya hizo mbili. Zote hunywewa changa, baridi, na bei yake ni ya chini kuliko nyingi katika ulinganisho huu.

Emilia ni nchi ya jibini la Parmigiano Reggiano, paja la nguruwe la Parma, mortadella na tambi zilizojazwa nyama, vyakula vyenye mafuta na chumvi. Mapovu na uchachu wa Lambrusco huusafisha ulimi baada ya kila tonge, na hapo ndipo mtu huelewa kwa nini watu wenye vyakula vya thamani hivyo hawakuhitaji divai nzito. Inamfaa anayeanza kunywa divai nyekundu, anayekula vitu vya kukaanga, na anayeishi kwenye joto. Anayetafuta kina na ukimya wa divai iliyokomaa hatakipata hapa. La muhimu ni kusoma lebo: secco ni kavu, amabile ina utamu, dolce ni tamu kabisa.

Nyingine za kukumbuka

Huko Valtellina, karibu na mpaka wa Uswisi, Nebbiolo huitwa Chiavennasca na hupandwa kwenye matuta ya mawe yaliyojengwa kwa mikono juu ya mlima. Divai zake ni nyembamba na zenye harufu kuliko Barolo. Kaskazini mwa Piemonte, Gattinara na Ghemme hutoa Nebbiolo yenye uchachu mkali na mara nyingi bei ya chini. Alto Adige, ambako wengi huzungumza Kijerumani, kuna Schiava iliyo nyepesi kabisa na Lagrein iliyo nyeusi na nene. Trentino ina Teroldego ya uwanda wa Rotaliano, ambayo Elisabetta Foradori aliirudishia heshima.

Kuchagua kwa hali yako

Ukiwa na mgeni usiyejua anapenda nini, na chakula ni cha aina nyingi, Barbera ya matunda isiyowekwa kwenye mbao mpya haitaharibu sahani yoyote. Ikiwa wageni wenyewe hawajazoea divai nyekundu, Lambrusco kavu au Valpolicella ya kawaida, zikiwa baridi, zitawapokea vizuri zaidi.

Ukiwa na nyama iliyopikwa kwa saa nyingi na watu wanaopenda kukaa mezani, na fedha zinaruhusu, chagua kati ya Barolo na Amarone kwa swali moja: mnataka divai inayodai usikivu, au inayokumbatia? Barolo changa ifunguliwe saa kadhaa kabla, imiminwe kwenye jagi ili ipate hewa. Amarone haihitaji subira hiyo, ila ihesabiwe kwa glasi ndogo.

Chakula chenye pilipili nyingi kinaziondoa Barolo na Amarone moja kwa moja. Hapo Lambrusco yenye utamu kidogo hufanya kazi ambayo wengi hawaitarajii, na Dolcetto hufuatia, kwa kuwa haizidishi uchachu wala moto.

Kwa zawadi, usichague kwa jina pekee. Barbaresco ya mtengenezaji makini humheshimu mpokeaji kuliko Barolo ya bei ya kutupa. Kwa mtu anayependa vitu vitamu, Recioto, ingawa haijulikani sana, itakumbukwa zaidi kuliko Amarone.

Kwa wanaoishi Dar es Salaam, Mombasa au Malindi, ushauri wa vitabu vya Ulaya kwamba divai nyekundu inywewe katika joto la chumba haufai, kwa sababu chumba chao kina nyuzi 18 na chetu kina 30. Barolo au Amarone ikiwekwa dakika kumi hivi katika ndoo ya maji na barafu itakaribia nyuzi zake 18. Barbera na Dolcetto zipoe zaidi kidogo, Valpolicella ya kawaida ifike 14, na Lambrusco itoke kwenye jokofu ikiwa na nyuzi 10 hadi 12. Na kama huna mahali pa baridi pa kuhifadhia, usinunue Barolo kwa nia ya kuitunza kabatini, kwa maana joto la miezi michache litaizeesha vibaya kabla ukakasi wake haujapata muda wa kulainika. Nunua ya mwaka uliokwishakomaa, uifungue wiki hiyohiyo, na ile fedha ya kuweka akiba igawe kwenye chupa za Barbera na Dolcetto ambazo hazihitaji kusubiri.